Jiwe la Mama Yake Mwenyeji

Mama yake Mwenyeji alikufa mara thelathini na sita kabla ya kufa kwake kwa kweli, na mara ya kwanza nilimuua mimi. Sitii chumvi. Kutia chumvi ilikuwa kazi yake yeye. Mimi nilikuwa dereva, na dereva hutakiwa kufunga mdomo na kuangalia mbele. Sasa nimestaafu, hakuna meneja wa kunipigia simu, kwa hiyo nitasema.

Tulimwita Mwenyeji kwa sababu hapakuwa na mahali alipokuwa mgeni. Kampuni yetu iliuza safari moja tu, ya siku kumi na tisa, ya kuizunguka nchi nzima kwa basi la viti thelathini: milima, ziwa, nyanda, jangwa, msitu, pwani, halafu kurudi mji mkuu. Wageni wenyewe hawakutoka ng'ambo kama mtu anavyodhani akisikia neno watalii. Walikuwa watu wa nchi hii hii, watu wa maofisini na wastaafu wa miji mikubwa, waliofikia umri wa kuona haya kwamba wamezeeka bila kuijua nchi yao. Na nchi yenyewe ni kubwa kweli. Mtu wa milimani akikutana na mtu wa jangwani, ukiwanyima lugha ya shuleni watabaki kuonyeshana vidole. Mwenyeji alizungumza lugha sita, na si za kuombea maji tu. Alitania nazo, aligombana nazo, na wazee sokoni walimshika mkono wakamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Lugha hizo alipewa na mama yake. Baba alikuwa fundi wa barabara, mpika lami, na kambi yao ilihama kila barabara iliposogea. Mama aliwapikia vibarua, na vibarua walitoka kila pembe ya nchi. Yule mama alikuwa na kanuni yake: hakuna anayepokea sahani kabla mwanawe hajamsalimia kwa lugha ya kwao. Mtoto akikosea, mama anaishikilia sahani hewani. Kibarua mwenye njaa anamrekebisha mtoto haraka haraka, mtoto anarudia mpaka itoke sawa, ndipo sahani inashuka. Walimu wa namna hiyo hawapatikani chuo chochote. Baba alifariki barabara ilipofika katika mji mdogo wa nyanda, na mama akasema yeye hahami tena. Akabaki hapo na watoto wake wawili, huyu na mdogo wake wa kike, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta.

Sasa niseme nilivyomuua.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza pamoja. Siku ya sita ya safari ni siku ya ziwa, na kwenye ratiba palikuwa na saa moja na nusu ya kupanda mashua. Siku hiyo ilinyesha, upepo ukachafuka, mwenye mashua akakataa katakata kuondoka. Wageni wakabaki ndani ya basi na madirisha yaliyojaa ukungu, wananung'unika. Mmoja alikuwa ameshaanza kusoma masharti nyuma ya tiketi yake. Mwenyeji alisimama kando yangu, kipaza sauti mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema.

Nikamnong'oneza, "Waambie mama yako alifia hapa."

Nilikuwa nafanya mzaha, naapa. Aliniangalia, akayaangalia maji, akafungua mlango. Akawashusha watu wote mvuani mpaka kwenye jiwe moja jeusi ufukoni, jiwe ambalo wanawake wa pale huanikia nguo. Akawaambia kwamba alipokuwa na miaka mitano mama yake alimkalisha juu ya jiwe lile, akavua kandambili zake akampa azishike, akasema, "Kaa hapa usisogee, narudi sasa hivi," akaingia majini na ndoo. "Na mimi," akasema, "bado nimekaa."

Basi zima lililia. Nililia hata mimi, ambaye juma moja kabla nilikuwa nimekula ugali kwa mama huyo huyo na kuongezewa mboga mara mbili. Tuliporudi mjini, fomu za maoni zilijaa nyota tano kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka mashua.

Meneja alituita ofisini. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani ya nchi iliyochomwa pini za rangi, na tayari pini mpya nyekundu ilikuwa imesimama ziwani. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti, asiyegombana na mtu. "Mgeni akirudi nyumbani hasimulii ziwa," alisema. "Anasimulia alivyolia."

"Bosi, mama yangu yuko hai," Mwenyeji akasema.

"Mungu amzidishie. Lakini kwenye safari yetu ameshafariki."

Vijitabu vya matangazo vya mwaka uliofuata vilikuwa na picha ya lile jiwe, na chini yake maneno: Jiwe la Mama, simulizi ya kweli ya mwongozaji wetu. Mkataba wake nao uliongezwa kifungu, kwamba mwongozaji atakayewachanganya wageni kwa maelezo yanayopingana hana kazi. Mwenyeji alitia saini. Alikuwa na watoto wawili shuleni, mke aliyejifungua karibuni, na mama mwenye presha anayehitaji dawa kila siku. Tuseme ukweli, wengi wetu tungetia saini.

Shida ikawa siku ya kumi na moja. Siku hiyo basi lilisimama kujaza mafuta kwenye kituo kile kile cha nyanda, dakika ishirini, wageni wakaenda chooni na kunyoosha miguu. Zamani Mwenyeji alizitumia dakika hizo kukimbia nyuma ya kituo kumwona mama yake. Lakini baada ya Jiwe la Mama, wageni walimpenda kupita kiasi. Walimfuata kila alipokwenda. "Unakwenda kwa nani huku? Tupeleke na sisi!" Mtu aliyemzika mama yake siku tano zilizopita angewapeleka kwa nani?

Suluhisho alilitoa mama mwenyewe. "Basi nitakuja mimi," alisema.

Akaanza kuja kituoni na beseni la karanga zilizofungwa kwenye karatasi, akakaa kwenye benchi la fundi wa pancha. Hakuwahi kuuza karanga maisha yake yote. Karanga alizikaanga kwa ajili ya siku ile tu, mara nne kwa mwaka. Mwanawe alishuka, akazungukazunguka, kisha akaenda kwake kama mnunuzi. Alimwita mama, na nani angeshtuka? Kila mzee wa kike huitwa mama. Alichuchumaa mbele ya beseni, akachaguachagua, na hapo wakazungumza kwa dakika kumi na tano huku anampitishia mfuko wa dawa chini ya gazeti. Mimi nilisimama karibu nikipiga teke matairi yasiyokuwa na tatizo lolote.

"Safari hii umenizika vizuri?" mama alimuuliza.

"Vizuri, mama."

"Walilia?"

"Walilia sana."

"Hata wanaume?"

"Wanaume ndio waliozidi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwenzenu nikifa kweli sitapata watu wengi namna hiyo."

Alikuwa amempa masharti, akayarudia kila safari kama mtu anayemkumbusha mtoto kufunga kamba za viatu: "Wakikuuliza, hunijui. Wakiniuliza, sikujui. Kazi ni kazi." Mwenyeji alicheka. Na mimi nilicheka. Ilituchukua muda mrefu kuona kwamba hapakuwa na cha kuchekesha.

Miaka ikaenda hivyo, tisa. Mama alipungua. Beseni lilipungua nalo, maana hakuweza kubeba zito. Mdogo wake Mwenyeji, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, ndiye aliyemshika mkono kumleta. Mimi aliacha kunisalimia siku alipojua wazo lile lilitoka kwa nani. "Wewe si ndiye uliyemzamisha mama yangu?" aliniambia siku moja mbele ya pampu. Nilijifanya nasoma mita ya mafuta.

Katika ule msafara wa thelathini na sita tulikuwa na mgeni mmoja niliyemwita Mkaguzi, maana alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mjane, mzee safi wa suruali zenye mkunjo, mwenye daftari alimoandika kila alichoambiwa: urefu wa mlima, kina cha ziwa, idadi ya wasemaji wa lugha fulani. Nilimwogopa tangu siku ya kwanza. Watu wa daftari ndio hugundua mambo.

Lakini kule ziwani alifanya jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulifanya. Alikuwa amesoma kijitabu kabla ya safari, kwa hiyo asubuhi hiyo alinunua maua mjini akayabeba mapajani njia nzima. Mwenyeji alipomaliza kusimulia, mzee yule alikwenda akayaweka juu ya jiwe, akasimama pale mabega yanatikisika. Baadaye alituambia kwamba mama yake mwenyewe alizikwa yeye akiwa mkoani kusimamia mitihani, na kwamba katika miaka arobaini hakuwahi kumlilia vizuri mpaka siku ile. Akamkumbatia Mwenyeji. "Kuanzia leo wewe ni mwanangu," akasema, na akahamia kiti cha mbele.

Mwenyeji alirudi garini mweupe midomo. "Yule mzee amenimaliza," aliniambia. "Afadhali angenitukana."

Siku ya kumi, tukiwa bado hotelini kabla ya kifungua kinywa, simu yake ililia. Nilikuwa nafuta kioo, nikasikia sauti ya mdogo wake ikitoka kwenye simu, maana yule dada huongea simuni kama yuko ng'ambo ya mto.

"Mama hali chakula. Siku ya tano leo. Daktari amesema tumweke nyumbani tu."

"Tumweke nyumbani kwa maana gani?"

"Kwa maana hiyo hiyo uliyoielewa. Na anasema kesho lazima aje kituoni. Nimemkatalia, hasikii. Kaka, shuka. Safari hii shuka, ubaki naye."

Akampigia Meneja papo hapo. Nilikuwa nimesimama naye, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Alisema anaomba kushuka nyanda, siku mbili tatu tu, atawafuata jangwani kwa usafiri wake.

"Na wageni niwaambie nini?" Meneja akauliza.

"Mama yangu anaumwa sana, bosi."

"Yupi?"

Angekuwa anamkejeli, angalau tungemchukia tukapumua. Aliuliza kwa dhati kabisa. Katika miaka tisa ya kuuza Jiwe la Mama alikuwa amesahau kwamba kuna mwingine. Alipokumbushwa alisema pole, pole sana, lakini mtu wa kushika nafasi yake hayupo, amalize safari kwanza kisha atampa juma zima la mapumziko. Mwenyeji alisema asante. Aliirudisha simu mfukoni akaenda kuwaamsha wageni.

Kesho yake tulifika kituoni saa nane mchana, jua limesimama. Mama hakuwa kwenye benchi. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa blanketi kwenye joto lile, beseni mapajani na ndani yake vifungu vinne vya karanga. Binti yake alisimama nyuma akishika kiti kwa mikono miwili. Sijui walimleta vipi. Miguu yake ilikuwa imevimba, kandambili haziingii, ziliwekwa tu kando yake.

Wageni walielekea chooni. Mwenyeji alikwenda kwake, na alitembea taratibu kama mnunuzi, masikini, mpaka dakika ile alifuata masharti.

"Mama, karanga zipo?"

"Zipo za mwisho mwisho, baba. Chukua zote." Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa yake. "Safari hii umenizika vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Walilia?"

"Mzee mmoja alileta maua."

"Maua!" Alifurahi kweli. "Ya rangi gani?" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukoma, na beseni likaanguka. Karanga zikatawanyika kwenye saruji yenye mafuta.

Mwenyeji alipiga magoti kuziokota. Aliokota kama tatu hivi. Kisha akaacha, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, akisema, "Mama yangu, nisamehe. Mama yangu, nisamehe." Na hakusema kwa lugha ya shuleni. Alisema kwa lugha ya mama yake, halafu kwa nyingine, halafu nyingine, kama mtoto wa kambini anayetafuta ile itakayoshusha sahani.

Wageni walikuwa wanarudi. Mkaguzi alikuwa mbele yao, anafuta mikono kwa leso. Alisimama. Wote wakasimama nyuma yake. Mama mmoja alisema, "Huyu ana nini?" na mwenzake akajibu, "Anamwita mama yake."

Nililiona daftari kwenye mfuko wa shati la Mkaguzi. Lakini hakulitoa. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesikia nyumba yake inaungua. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, nadhani, kwamba machozi yake ya miaka arobaini aliyatoa kwa jiwe la kuanikia nguo. Akasogea, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani kukuuliza. Huyu ni mwanao?"

Fundi wa pancha aliacha kugonga. Mwenyeji aliinua kichwa. Nimeendesha na mtu huyu miaka tisa, naijua shingo yake ilivyo akiwa anataka kupiga chuku na ilivyo akiwa anataka kusema kweli. Alitaka kusema kweli. Kazi na iende, kijitabu na kiende, alikuwa ameshaamua. Alifungua mdomo: "Mzee, huyu ndiye—"

"Mimi sina mtoto wa kiume," mama akamkata.

Alisema kwa lugha ya shuleni, lugha aliyoijua kwa shida, neno moja moja, ili wote wasikie. "Huyu ni mteja wangu. Hupita hapa. Nafikiri ana majonzi ya mama yake." Akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, akampigapiga kidogo kwa kiganja, jinsi mtu anavyomliwaza asiyemjua. "Pole, baba. Pole sana. Utazoea."

Binti yake nyuma ya kiti aligeuza uso ukutani.

Nilimwona Mkaguzi akipata pumzi. Rangi ilimrudia. Alimwinua Mwenyeji kwa makwapa, akampangusa magoti kwa leso yake mwenyewe, akamshika bega. "Twende, mwanangu," alimwambia. "Nakuelewa. Hata mimi nikiona mwanamke wa umri ule moyo unanikatika." Na wageni wote wakamzunguka, huyu anampa maji, yule anamshika mkono, watu wema kabisa, wakampeleka kwenye basi wakiwa wamemzingira hata asiweze kugeuka.

Angeweza kugeuka. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sisemi kumlaumu. Mama yake alikuwa ametumia pumzi zake za mwisho mwisho kumnunulia ile kazi, na kugeuka kungekuwa kumtupia usoni. Lakini mimi je? Mimi sikuwa na mama pale. Ningesema tu, "Mzee, anadanganya, huyu ni mama yake mzazi, nimekula kwake." Maneno machache. Wageni walikuwa wameshakaa, saa ya kwenye dashibodi ilionyesha dakika ishirini zimepita, na Mwenyeji alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango, mguu mmoja ndani, mmoja nje, anamwangalia mama yake.

Nilipiga honi. Ilikuwa mazoea. Ndivyo ninavyojiambia.

Akaingia. Akachukua kipaza sauti akaeleza habari za nyanda mpaka jioni, bila kukosea tarehe hata moja.

Mama alifariki siku ya kumi na tatu asubuhi. Jangwani simu hukamata sehemu moja tu, karibu na bomba la maji, na mimi ndiye niliyekuwa nachota. Yule dada hakuuliza hali yangu. "Mwambie mama amekufa," alisema. "Mwambie safari hii ni kweli. Tunazika kesho, tukimngoja ataharibika kwa joto hili." Kutoka pale hadi nyanda ni siku mbili za barabara.

Nilimkuta anapanga viti vya kifungua kinywa. Nilimwambia. Alikaa kwenye kiti kimojawapo.

"Nenda kawaambie wageni," nikasema. "Watakuelewa. Mkaguzi mwenyewe atalia."

"Niwaambie nini? Kwamba mama yangu amekufa?" Aliniangalia. "Wanajua."

Akainuka akaendelea kupanga viti. Siku mama yake alipozikwa alikuwa juu ya kichuguu cha mchanga, akiwaeleza watu ishirini na nane jinsi upepo unavyohamisha jangwa.

Mkaguzi alijaza fomu yake siku ya mwisho, akampa nyota tano, na kwenye nafasi ya maoni akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule: Mwongozaji huyu ni mtu wa kweli. Meneja alipendezwa na maneno hayo. Yalichapwa kwenye kijitabu kilichofuata.

Mwenyeji alipewa juma lake la mapumziko, akaenda kuona kaburi, akarudi kazini. Sikumwuliza neno. Siku ya sita ya msafara uliofuata tulikuwa ziwani, anga safi, maji yametulia, wageni wapya wamejipanga mbele ya jiwe wameshika leso kabisa, kwa kuwa kijitabu kiliwashauri waje nazo. Mwenyeji alipanda akasimama. Tulingoja.

"Mama yangu amefariki," alisema. "Mwezi uliopita. Alikuwa mgonjwa. Sikuwepo."

Wageni walitazamana. Mmoja alifungua kijitabu. "Si alikufa maji?"

"Hapana."

"Na kandambili?"

"Hazikumwingia, miguu ilivimba." Machozi hayakuja. Alijaribu, nilimwona. Aliyatafuta na yalikuwa yamekwisha; aliyagawa yote kwa wageni, mafungu thelathini na sita. "Hili ni jiwe la kuanikia nguo," akasema mwishowe, akashuka.

Fomu zilirudi na nyota mbili. Wengi waliandika jambo moja kwa maneno tofauti: sehemu ya ziwani haigusi moyo kama tulivyoahidiwa, mwongozaji anaonekana hana hisia. Meneja alimfukuza kwa upole, akamwandikia barua nzuri. Kifungu cha mkataba kilikuwa wazi, na maelezo yake yalipingana.

Akahamia nyanda na familia yake, kwenye nyumba ile nyuma ya kituo. Kampuni ilimleta mwongozaji mpya, mwenye sauti tamu na lugha mbili za kubabaisha, na mama yake, ambaye nasikia ni mkunga hodari huko mjini, akaanza kufia kwenye jiwe lile lile. Niliendesha naye miaka miwili. Analia vizuri kuliko Mwenyeji, hilo lazima nikiri.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, tulisimama kituoni siku ya kumi na moja kama kawaida. Mwenyeji alikuwa kwenye benchi la fundi wa pancha, beseni la karanga mbele yake. Alimsalimia kila mteja kwa lugha ya kwao, kwa kumsikiliza tu lafudhi. Bwana mmoja wa msafara wetu alifurahi sana kusalimiwa hivyo, akachuchumaa kuchagua.

"Wewe ni mwenyeji wa hapa?" akamuuliza.

"Mama yangu ndiye aliyekuwa akiuza hapa. Amefariki."

"Pole," yule bwana akasema, anahesabu vifungu. "Ila juzi kule ziwani tumelizwa, we acha tu. Mwongozaji wetu, mama yake alikufa maji, yeye mtoto amekaa juu ya jiwe ameshika kandambili. Hiyo ndiyo huzuni, ndugu yangu."

Mwenyeji alimfungia karanga, akazikunja karatasi kwa uangalifu. Aliinua macho akaniona nikiwa nyuma ya usukani, dirisha wazi.

"Mpeni mwongozaji wenu pole yake," akasema.

Niliangalia saa. Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha, nikapiga honi.